Kurushwa darasa: mtoto anaruka nini, na anatua wapi?

Kila inapotoka habari ya mtoto wa miaka 11 aliyeingia chuo kikuu, watu hugawanyika pande mbili kabla hawajaisoma hadi mwisho. Wa upande mmoja hupongeza na kuuliza mtoto huyo alilishwa nini. Wa upande wa pili hutikisa kichwa: huyo ameshaharibiwa, ngojeni mtaona. Baada ya siku mbili habari inasahaulika. Asiyesahau ni mzazi ambaye wiki hiyohiyo aliitwa pembeni na mwalimu, akaambiwa kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto wako darasani kwangu hana cha kufanya. Mmewahi kufikiria kumrusha?"

Mzazi huyo akirudi nyumbani atapata ushauri wa kujaza gunia. Shangazi atasema mtoto atakosa msingi. Jirani atamkumbuka mtoto fulani aliyerushwa, akaishia kuacha shule. Babu atasema mwacheni, akili haiozi. Katika maneno hayo yote mna ukweli kidogo na hofu nyingi, vimechanganyika kama mchele na chuya. Hapa tunajaribu kupeta.

Maneno kwanza

Nusu ya ubishi huu inatokana na neno moja kubebeshwa mambo mengi. Kurushwa darasa kwa maana yake kamili ni hivi: mtoto amemaliza darasa la pili, na mwaka unaofuata, badala ya kuingia la tatu, anaingia la nne. Basi. Lakini watu hulitumia neno hilohilo kwa mtoto aliyeanza shule mwaka mmoja kabla ya umri uliowekwa. Hulitumia pia kwa yule anayeshinda na wenzake siku nzima ila saa ya hisabati anahamia darasa la juu, na kwa yule anayesoma mtaala wa miaka mitatu kwa miaka miwili, ambaye kwa kweli hajaruka chochote, ameongeza mwendo tu. Halafu yupo huyo wa kwenye habari, aliyeingia chuo kikuu kabla hajabalehe. Ripoti iliyotolewa mwaka 2004 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ilihesabu njia 18 za kumwendesha mwanafunzi kwa kasi kuliko umri wake. Zilipohesabiwa upya mwaka 2015 zikafika 20. Kwa hiyo mtu akikuambia kurusha watoto hakufai, mwulize kwanza: kurusha kupi?

Neno la pili ni kipaji. Chukua watoto watatu ambao darasani wanafanana. Wa kwanza ni mwerevu na ana bidii: anasikiliza, anafanya kazi zake, anapata 90 katika 100. Wa pili amefundishwa mapema. Kwao kuna masomo ya ziada kila jioni, hivyo mwalimu anapofungua mada mpya yeye alishaimaliza mwezi uliopita. Wa tatu anajifunza kwa kasi isiyo ya kawaida: anaelezwa mara moja, ameelewa, na mwalimu hajageuka kutoka ubaoni yeye ameshauliza swali la mada ya mwezi ujao. Ripoti za mwisho wa muhula za watoto hao zinaweza kulingana kabisa. Hata hivyo, wa kufikiriwa kurushwa ni wa tatu. Yule wa pili yuko mbele, lakini mwendo wake ni wa kawaida. Ukimrusha, akiba aliyowekewa itaisha ndani ya muhula mmoja, na atajikuta anakimbizana na watu waliomtangulia. Ukitaka kuwatofautisha, wape jambo ambalo hakuna kati yao aliyewahi kuliona, kisha hesabu linahitaji kurudiwa mara ngapi kwa kila mmoja.

Vipi kuhusu IQ? Hicho ni kipimo cha akili kilichopangwa ili wastani wa watu wa umri mmoja uwe 100. Takribani watu 68 katika 100 huangukia kati ya 85 na 115, na wanaofika 130 au zaidi ni kama wawili katika 100. Inafaa kukumbuka kipimo cha kwanza cha aina hii kilizaliwa kwa nia gani. Alfred Binet na Théodore Simon walikitengeneza Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Si cha kuwatawaza mabingwa. Na kina macho yake yasiyoona. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alipoanza mwaka 1921 kuwakusanya watoto wenye akili nyingi wa California, zaidi ya 1,500, awafuatilie maisha yao yote, vipimo vyake viliwaacha nje wavulana wawili waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia: William Shockley mwaka 1956 na Luis Alvarez mwaka 1968. Mtoto anayepimwa kwa lugha asiyoimudu naye anapimwa lugha, hapimwi akili. Kwa hiyo IQ ni shahidi mmoja barazani. Hakimu ni mwingine.

Mlango mfupi

Ushahidi ambao wazazi huuleta mara nyingi zaidi ni huu: mtoto wetu ameshika nafasi ya kwanza mihula minne mfululizo. Samahani, lakini ushahidi huo haufiki mbali. Fikiria mlango mfupi ambao kila mtu mrefu akipita anagonga kichwa. Waliogonga wote unajua wameuzidi mlango kwa urefu. Hujui nani ameuzidi kwa kidole na nani ameuzidi kwa dhiraa. Mtihani wa darasa lake ndio mlango huo. Mtoto aliyepata 99 huenda uwezo wake unaishia hapohapo, na huenda angepata alama nzuri kwenye mtihani wa madarasa mawili mbele. Karatasi ileile haiwezi kukuambia.

Dawa yake ni kutafuta mlango mrefu zaidi. Mwanasaikolojia Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alianzisha mradi wa namna hiyo mwaka 1971. Aliwatafuta watoto wa miaka 12 na 13 waliokuwa juu kabisa katika hisabati madarasani mwao, akawapa SAT, mtihani ambao Wamarekani huufanya wakiwa na miaka kama 17 wanapojiandaa kwenda chuo kikuu. Watoto waliokuwa wamebanana kileleni shuleni kwao wakatawanyika. Wengine walipata alama za chini, jambo lisilo la aibu kwa umri wao. Wengine waliwapita vijana wengi waliokuwa wanamaliza sekondari.

Si lazima shule iwe na mwanasaikolojia ili itumie wazo hilo. Kama mtoto yuko darasa la pili na mnafikiria aruke la tatu, mpeni mtihani wa mwisho wa mwaka wa darasa la tatu, bila kumfundisha kwanza, tena kwa masomo yote na si hisabati peke yake. Akiumudu vizuri, swali la "atakosa nini" limejibiwa kwa karatasi na kalamu. Akiwa bora sana katika somo moja na wa kawaida katika mengine, nalo ni jibu: huyo ahamie darasa la juu kwa somo hilo tu. Njia hii hudharauliwa kwa sababu haina kishindo, ilhali ndiyo iliyotumika sana kwa Terence Tao, mwanahisabati aliyezaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1975. Akiwa mtoto alikuwa anasoma masomo tofauti katika ngazi tofauti, hisabati akiwa na wakubwa, mengine karibu zaidi na umri wake. Alipata shahada ya udaktari (PhD) akiwa na miaka 21 na Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2006.

Hofu ya msingi

Wengi wanaufikiria mtaala kama ukuta wa matofali: ukichomoa safu moja katikati, juu kunaporomoka. Mtaala wa madarasa ya chini hauko hivyo. Unafanana zaidi na mkeka wa ukili, ambapo ukili mmoja mrefu unazungushwa na kila mzunguko unashonewa kwenye uliotangulia. Sehemu katika hisabati huanza kama chungwa lililokatwa vipande vinne; mwaka unaofuata zinarudi, sasa zinajumlishwa; mwaka mwingine zinarudi tena zikiwa zimevaa nguo ya asilimia. Kusoma ufahamu, hali ya hewa, mimea, ramani, vyote hurudi kwa kina zaidi. Mtoto wa kawaida anahitaji kurudiwa huko, na mtaala umeupangia nafasi. Yule mtoto wa tatu, mwenye kasi isiyo ya kawaida, alielewa mzunguko wa kwanza, na ile mingine anaisubiri ipite.

Hii haina maana kwamba hakuna kitakachopotea. Vitapotea vitu vidogo vyenye majina: njia ndefu ya kugawanya, mwandiko wa kuunganisha, namna ya kupanga barua, labda mada nzima ya sayansi. Vitu hivyo vinaandikwa kwenye orodha na kufundishwa kwa wiki chache za likizo. Hatari ni kutoiandika hiyo orodha, kwa kudhani kwamba mwenye akili atajijazia mwenyewe. Atajijazia mengi, kweli. Lakini nani atamwambia kuna kitu kinaitwa kipimapembe kama hajawahi kukiona?

Kuna pengo jingine ambalo watu hawalitazami, nalo ni mkono. Kichwa cha miaka tisa kinaweza kukaa juu ya mkono wa miaka sita. Mtoto anaweza kukusimulia hadithi yenye mafundo na mafumbo, ukimwambia aiandike akakupa sentensi mbili zilizopinda. Katika darasa la juu ataonekana mvivu. Mwalimu anayempokea akijua hilo mapema, linatafutiwa njia. Asipojua, litageuzwa kuwa ushahidi kwamba "hakuiva".

Tafiti zimeona nini

Mwaka 1984 James Kulik na Chen-Lin Kulik walikusanya tafiti zilizokuwapo na kuzilinganisha. Waliona kwamba wanafunzi walioharakishwa, wakilinganishwa na wenzao wa umri na uwezo uleule walioachwa nyuma, walikuwa mbele kwa karibu mwaka mzima. Na wakilinganishwa na wanafunzi werevu waliowakuta katika darasa jipya, walikuwa sawa nao. Mradi wa Stanley uliendelea kuwafuatilia watu wake hadi utu uzima, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ukaonyesha kwamba wale waliorushwa darasa, wakipambanishwa na wenzao wenye uwezo sawa ambao hawakurushwa, walielekea zaidi kupata shahada za udaktari na kuchapisha kazi za sayansi, na mapema zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa mradi huohuo waliwatazama walipofika umri wa miaka 50 na kuuliza swali ambalo majirani wote huuliza: je, waliumia moyoni? Hawakuona madhara ya kisaikolojia ya kuharakishwa.

Sasa tahadhari. Hao hawakuokotwa barabarani. Walichaguliwa, wengi kwa uangalifu, na wastani wa watu elfu moja haukuambii habari za mtoto mmoja anayeuma kucha usiku. Tena upo utafiti mwingine mwingi unaoonekana kusema kinyume: katika nchi nyingi, watoto walio wadogo kabisa darasani kwa miezi ya kuzaliwa huwa nyuma kidogo kimasomo, na huambiwa mara nyingi zaidi kwamba wana tatizo la utulivu na umakini. Watu huuchukua ushahidi huo na kumpiga nao mtoto mwenye kipaji. Ni kosa. Wale ni watoto wa kila aina waliojikuta wadogo kwa sababu ya kalenda. Hawakuwekwa pale kwa sababu walilizidi darasa. Lakini ushahidi huo una kazi: ni onyo kwa mzazi anayetaka kumwingiza shule mapema mtoto wa kawaida ili tu "asichelewe".

Marafiki

Hapa ndipo hofu ilipo hasa, na sioni sababu ya kuibeza. Mzazi hasemi hivyo mbele ya mwalimu, ila moyoni anajua kuwa alama si kitu kama mtoto anakula peke yake wakati wa mapumziko.

Lakini tazama kwanza hali aliyonayo sasa. Je, hivi sasa ana rafiki? Mtafiti Miraca Gross wa Australia aliwafuatilia kwa miaka mingi watoto 60 wenye IQ ya 160 na zaidi. Wengi wa wale waliobakizwa darasani pamoja na wenzao wa umri mmoja walipata taabu ya marafiki. Waliorushwa kwa miaka miwili au zaidi walipata urafiki na ukadumu. Gross aliona pia sababu ya kueleweka. Mtoto mdogo akisema "rafiki yangu" ana maana ya yule anayecheza naye. Baadaye neno hilo hubadilika: rafiki anakuwa yule unayemwambia siri, anayekuelewa, asiyekucheka. Watoto wenye vipaji huifikia maana hiyo ya pili mapema. Wanamtafuta msiri katikati ya watu ambao bado wanatafuta wa kucheza naye mpira. Hawakatazwi kucheza. Wanarudi tu nyumbani na kiu.

Ndiyo maana watoto wengi wa aina hii, wakiachwa wachague, hukaa na wakubwa au na vitabu. Si kwamba hawajui kuishi na watu, hawajapata watu.

Hayo ni ya watoto walio juu sana, wachache mno. Kwa mtoto ambaye yuko mbele ya wenzake kidogo na ana marafiki watatu wa damu darasani, hesabu inabadilika kabisa. Kumtoa pale kwa ajili ya mwaka mmoja wa masomo ni bei kubwa, na kwa maoni yangu mara nyingi hailipi. Kisha kuna mwili. Akiwa na miaka saba tofauti ya mwaka mmoja haionekani. Akiwa na miaka 12 kati ya wenye 13 na 14, inaonekana kwenye sauti, kifua, urefu na mazungumzo. Anayependa michezo ya mashindano ataisikia zaidi. Na mwishoni atamaliza sekondari kabla ya miaka 18, umri ambao nchi nyingi humhesabu mtu kuwa mzima, kwa hiyo mipango ya bweni, safari na kusaini karatasi itabaki kwa wazazi. Mambo haya hayatoshi kukataa. Yanatosha kupangwa.

Kivuli cha Sidis

Wanaoonya kwamba mtoto "ataharibikiwa" huwa wanarudia, bila kumjua, hadithi ya William James Sidis. Alizaliwa mwaka 1898, akaingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, na mapema mwaka uliofuata akatoa mhadhara mbele ya wanahisabati wa hapo kuhusu maumbo ya vipimo vinne, yaani yenye kipimo kimoja zaidi ya urefu, upana na kina. Magazeti yalimfanya sinema. Alipokuwa mtu mzima alikimbia umaarufu, akafanya kazi ndogondogo za ofisini, akafa mwaka 1944 akiwa na miaka 46. Kwa miongo mingi jina lake limekuwa fimbo ya kuwachapa wazazi wenye haraka.

Kinachosahaulika ni kwamba wakati huohuo alikuwapo Harvard kijana mwingine wa aina yake. Norbert Wiener alizaliwa mwaka 1894, akaingia chuo cha Tufts akiwa na miaka 11, akamaliza na miaka 14, na Harvard ikampa udaktari akiwa na miaka 18. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mwasisi wa sibanetiki, elimu ya namna mashine na viumbe vinavyojiongoza na kuwasiliana, na akafundisha kwa miongo mingi katika taasisi ya MIT. Mwendo uleule, chuo kilekile, matokeo mawili tofauti. Wala Wiener hakutoka bila makovu: aliandika mwenyewe kuhusu ukali wa baba yake na namna ulivyomuumiza. Vijana wote wawili walikuwa na baba aliyemfanya mtoto kuwa maonyesho ya nadharia yake ya malezi, mbele ya waandishi wa habari. Ukitafuta sumu, anzia hapo kabla ya kulilaumu darasa.

Na tuwe waungwana na vipimo. Hao waliruka miaka sita au saba. Kumtisha nao mzazi anayefikiria mtoto aruke darasa moja ni sawa na kumkataza mtu kuvuka mfereji kwa sababu kuna aliyezama baharini. Martin Luther King aliruka madarasa mawili akaingia chuo cha Morehouse mwaka 1944 akiwa na miaka 15. Hatumsikii akitajwa katika mijadala hii, kwa kuwa hakuna aliyeona ajabu.

Kiti cha mbele kwenye basi lilelile

Wanaopenda kurusha nao wana dhana yao ya uongo: kwamba mtoto akisharushwa, kazi imekwisha. Fikiria abiria aliyekaa kwenye basi linalokwenda taratibu. Unamshusha, unampandisha basi lililotangulia. Amesogea mbele, ni kweli, na kwa muda anaona mandhari mapya. Lakini basi hilo nalo linakwenda mwendo uleule. Kurushwa darasa humbadilishia mtoto mahali, hakumbadilishii mwendo. Muhula wa kwanza atachangamka kwa sababu kila kitu kigeni. Mwaka wa pili, kama kweli ni mtoto wa kasi ile, atakuwa amewafikia na kuwapita, na mwalimu mpya atamwita mzazi pembeni aseme yaleyale. Kwa hiyo kuruka peke yake kunamtosha yule aliyezidi kwa kiasi. Aliyezidi sana atahitaji pia mwendo ubadilishwe katika masomo yake: mada alizoziweza zibanwe, na muda unaobaki utumike kwa jambo la kumtoa jasho.

Na jambo la kumtoa jasho si kazi ileile kwa wingi. Kumpa hesabu nyingine 20 mtoto aliyemaliza 10 kabla ya wenzake ni kumtoza faini. Watoto hujifunza haraka kutomaliza.

Kuna jambo jingine la kuwaandaa wazazi hasa: akirushwa, huenda asiwe wa kwanza tena. Anaweza kuwa wa sita, na akawa yuko sawasawa kabisa. Familia iliyozoea zawadi na picha za sherehe itaona kama ameporomoka. Kwa mtoto ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa swali, huenda hii ikawa mara yake ya kwanza kukutana na kitu kigumu, na ni heri akutane nacho akiwa na miaka minane kuliko chuo kikuu. Lakini kama nyumbani anapendwa kwa sababu ya namba moja, kurushwa kutamnyima kitu anachokitegemea zaidi ya masomo. Familia ya namna hiyo ina kazi ya kufanya kabla ya kwenda kumwona mwalimu mkuu.

Wakati wa kusema hapana

Watafiti wa Iowa walitengeneza kipimo cha kusaidia uamuzi huu, na humo wakaweka mambo machache ambayo likiwapo hata moja, hawashauri mtoto arushwe darasa zima. IQ yake iko chini ya 115. Ana ndugu yake katika darasa atakaloingia. Ana ndugu yake katika darasa alilopo sasa. Au mwenyewe hataki. Hayo ya ndugu huwashangaza wengi, lakini mtu yeyote aliyekua na kaka au dada ataelewa bila kufafanuliwa: kaka ambaye mdogo wake anaingia na kukaa dawati la mbele yake atayabeba hayo kwa muda mrefu, na nyumba nzima itayabeba naye.

Mimi ningeongeza mawili. La kwanza, mwalimu atakayempokea akiwa anapinga, subirini au tafuteni mkondo mwingine. Hakuna mtoto wa miaka minane anayeweza kushindana na mtu mzima anayengoja akosee. La pili, kama nyumbani kuna msiba, wazazi wanatengana au familia inahama, kurushwa kukae pembeni kwanza. Mtoto habadilishiwi kila kitu kwa mkupuo.

Utukutu, kwa upande mwingine, si sababu ya kukataa moja kwa moja. Ipo aina ya utukutu inayozaliwa na kukaa bure saa nne kwa siku. Mpe kazi inayolingana naye kwa wiki tatu, uone kama unabaki.

Kama mmeamua kujaribu

Wakati mzuri ni mwanzo wa mwaka, au pale ambapo darasa zima linabadilika na kila mtu ni mgeni. Wekeni muda wa majaribio, wiki sita hivi au muhula, na tarehe ya kikao cha kutathmini iandikwe kabla mtoto hajahamisha madaftari yake. Mwalimu mmoja atajwe kwa jina kama mtu ambaye mtoto atamkimbilia. Na njia ya kurudi iwe wazi tangu siku ya kwanza, kwa maneno yasiyo na aibu. "Tunaangalia darasa gani linakufaa" ni tofauti na "tunaangalia kama utaweza". Akirudi baada ya sentensi ya kwanza, amejaribu kitu. Akirudi baada ya ya pili, ameshindwa.

Anachoambiwa kuhusu wenzake anaowaacha nacho ni muhimu. Asisikie kwamba ametolewa kwa sababu wao ni wazito. Atalibeba neno hilo hadi darasa jipya, na huko litakuwa kichwani mwake siku atakayokosa swali.

Yeye mwenyewe aulizwe, tena si mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wamekaa mstari mmoja wakitabasamu, kwa sababu hapo mtoto yeyote atasema ndiyo. Mwulizeni mkiwa njiani, au mnaosha vyombo, na mwulizeni tena siku nyingine. Usiishie kwenye "unataka?" Mwulize atamkosa nani. Mwulize anadhani kule kutakuwa na nini. Akisema "nitafundishwa vitu vipya", sikiliza. Akisema "mtafurahi", rudisheni mazungumzo mwanzo.